Siti ya nyuma ya W124: joto lililofungwa mara mbili

Mwenye gari alipolileta alisema sentensi moja iliyonipa nusu ya jibu kabla sijafungua hata mlango: "Fundi, mwanzo fyuzi ilikuwa ikiungua kila mara. Sasa haiungui tena, lakini na joto nalo limepungua." Fyuzi inayoacha kuungua yenyewe bila mtu kutengeneza kitu si habari njema. Ama kuna aliyeweka kubwa zaidi, ama kuna kitu kimekatika kikaacha kuvuta umeme. Kwenye gari hili yalikuwa yote mawili.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz W124, sedani ya mwaka 1992, injini ya dizeli. Siti za mbele zilitoka kiwandani na joto, za nyuma hazikuwa nalo. Enzi hizo lilikuwa jambo la kuagiza: kwenye orodha ya nyongeza namba 873 ni joto la siti za mbele, 872 ni la nyuma, na kadi ya gari hili ina hiyo ya kwanza tu. Miezi michache kabla ya kuja kwangu, mwenye gari alikuwa ameshafungiwa mahali pengine pedi za nyuma, zile zinazotengenezwa kwa gari lolote: vipande viwili kwa kila siti, kimoja cha kikalio na kimoja cha kiegemeo, pamoja na swichi ya viwango viwili.

Sababu yake ilikuwa mama yake. Ana zaidi ya miaka 70, hukaa nyuma kulia, na mgongo humuuma kukiwa na baridi. Dizeli ya zamani huchelewa kupasha maji ya injini, kwa hiyo hewa ya moto hufika nyuma safari ikiwa imeshafika nusu. Joto la siti halisubiri injini. Pedi iko chini kidogo tu ya nguo za mtu, haina kazi ya kupasha hewa ya gari zima, ndiyo maana wati 60 hivi kwa siti moja zinatosha kumfanya mtu aache kujikunyata baada ya dakika chache.

Inafaa kukumbuka teknolojia hii ilianzia kwa nani. Cadillac waliiweka kwenye orodha yao ya nyongeza kwa magari ya mwaka 1966. Saab, mwaka 1971, wakaifanya kuwa kifaa cha kawaida kwenye siti ya dereva. Dereva ni mtu aliye macho, swichi iko karibu na mkono wake, na akiungua paja anajua na anazima. Mtu wa nyuma huenda amelala, huenda ni mtoto, huenda ni mzee asiyependa kumsumbua dereva kwa kulalamika. Kisa hiki chote, ukiacha mambo ya waya, kinatokana na fundi wa kwanza kuifunga siti ya nyuma kana kwamba ni ya mbele.

Malalamiko yalikuwa matatu. Kikalio cha kushoto kimekufa. Kikalio cha kulia kinapata joto sehemu moja tu, karibu na ukingo wa mbele, na mara mbili mama alisema anasikia harufu ya kitu kilichoungua. Tena kioo cha nyuma, ambacho nacho kina hita yake, kinachelewa kuondoa ukungu kuliko zamani, na mwenye gari aliamini siti ndizo zinazokinyima umeme.

Vipimo kabla ya kufungua

Huwa napima kabla ya kugusa, kwa sababu ukishang'oa siti umeshatikisa nyaya zote na ushahidi umepotea. Soketi ya pedi ya kulia ilifikika kwa mkono chini ya ukingo wa kikalio. Niliwasha injini, nikawasha hita ya kioo na siti zote mbili kwa kiwango cha juu, nikaingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi.

Kwenye betri: volti 13.8. Kwenye pedi: 10.7. Volti 3.1 zimepotelea njiani.

Kwa balbu au redio hasara hiyo ni mbaya, kwa hita ni mbaya maradufu, maana nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Gawanya 10.7 kwa 13.8 upate 0.78 hivi, kisha izidishe kwa yenyewe upate 0.6. Hata pedi nzima isiyo na dosari yoyote ingetoa asilimia 60 tu ya joto lake hapo. Hivyo kabla ya kulaumu pedi nilijua kwamba sehemu kubwa ya kazi iko kwenye waya, na kwamba mtu angebadilisha pedi mara tano bila kumaliza tatizo.

Kikalio cha nyuma cha W124 hakihitaji spana. Kuna vishikio viwili kwenye ukingo wa chini wa mbele, unavivuta na kukiinua. Kiegemeo kinashikwa na bolti mbili chini, kisha kinasukumwa juu kutoka kwenye ndoano zake. Hapa niseme jambo ambalo mtu asiyelijua gari hili anaweza kulipia kwa maisha yake: kwenye sedani ya W124 tangi la mafuta liko nyuma ya kiegemeo hicho, limesimama kati ya abiria na buti. Hakuna drili, hakuna skrubu ndefu, hakuna kutafuta njia ya mkato ya waya kupitia bati la nyuma. Nilikagua kwanza kama mtu wa kabla yangu alitoboa. Hakutoboa, na hilo nampongeza.

Chini ya kikalio ndipo volti 3.1 zilipojieleza. Umeme wa pedi ulikuwa umechukuliwa kwenye waya wa hita ya kioo, unaopita kando ya kizingiti cha mlango kwenda nyuma, kwa kutumia klipu ya kung'ata: kile kiplastiki kidogo chenye ulimi wa bati unaokata ganda la waya na kugusa shaba. Nikapima hatua kwa hatua, kila kitu kikiwa kimewashwa. Kabla ya klipu kulikuwa na 12.6, yaani 1.2 zimepotea kwenye waya wa zamani na viungo vyake kuanzia betri. Baada ya klipu, 11.6: volti 1 nzima imeliwa na klipu peke yake. Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, kati ya waya mweusi wa pedi na bodi, kulikuwa na 0.9, kwa sababu ringi ya ethi ilikuwa imebanwa juu ya rangi kwenye bolti ya bano la siti. Rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kikipitisha ni mikwaruzo ya nyuzi za bolti. Jumlisha: 1.2, 1.0 na 0.9 ni 3.1. Napenda hesabu inapofunga hivi, maana inakuambia kwamba hakuna hasara ya nne iliyojificha.

Klipu ile ilinishughulisha zaidi ya vyote. Ampea 5 zikipita mahali penye upungufu wa volti 1, wati 5 zinageuka joto papo hapo. Wati 5 si kitu kwa siti, lakini kwa kiplastiki kidogo kilicholala chini ya kapeti ni nyingi. Kilikuwa kimelainika na kupinda, na ganda la waya pembeni yake limekauka na kupasuka. Nyaya zenye umri wa miaka 30 na zaidi hazina tena ulaini wa kustahimili kung'atwa: ulimi wa bati unakata na nyuzi kadhaa za shaba, zile zilizobaki zinabeba mzigo wote, zinapata moto, shaba inashika kutu ya kijani, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Mduara huo haurudi nyuma wenyewe.

Sasa ile sentensi ya fyuzi. Hita ya kioo ilivuta ampea 18 hivi. Pedi za siti nilizipima kwa omu: kikalio 6.1, kiegemeo 6.2, zimeungwa sambamba, yaani omu 3.07 kwa siti. Kwa volti 13.8 hiyo ni ampea 4.5 kwa siti moja na 9 kwa mbili. Fyuzi iliyopangwa kwa kioo peke yake ilibebeshwa 27. Ikawa inaungua baada ya dakika kadhaa, hasa asubuhi za baridi kali ambapo kila kitu kinawashwa kwa pamoja. Kwenye sanduku la fyuzi nikakuta kubwa kuliko ile inayotajwa kwenye karatasi ya kifuniko. Waya haukubadilishwa, fyuzi tu. Kisha kikalio cha kushoto kikakatika, mzigo ukashuka, na mwenye gari akaona amani imerudi.

Kuhusu kioo, hesabu haikuniunga mkono nilipotaka kukubaliana naye. Mzigo wa siti ulishusha volti ya kioo kwa robo ya volti tu, sawa na asilimia 4 ya joto. Hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti hiyo. Nilipopuliza pumzi juu ya kioo kikiwa kimewashwa, mistari miwili haikukausha ukungu: ilikuwa imekatika, pengine na mzigo uliosukumwa kwenye kioo miaka mingi iliyopita. Niliiziba kwa rangi ya shaba ya kazi hiyo. Siti hazikuwa na hatia kwenye shitaka hili, na nilimwambia.

Chini ya kava

Siti ya W124 haijajengwa kama siti ya leo. Chini kuna fremu ya chemchemi za chuma, juu yake tabaka la nywele zilizoshikanishwa kwa mpira, kisha kava. Pedi za kisasa zina gundi ya nyuma iliyotengenezwa kushika sponji laini. Juu ya nywele haishiki: inashika siku ya kwanza, halafu mtu anakaa, anainuka, anateleza kutoka mlangoni, na pedi inasafiri naye.

Pedi ya kulia ilikuwa imesafiri hadi ukingo wa mbele na kujikunja. Penye mkunjo kulikuwa na tabaka mbili, sehemu nyingine tatu, kila moja ikitoa joto lake lote juu ya mwenzake. Upande wa ndani wa kava ulikuwa na alama ya kahawia yenye ukubwa wa kiganja. Themostati ya pedi ile ilikuwa moja tu, imewekwa kwenye kipande cha kiegemeo, kwa hiyo ilikuwa ikipima mgongo huku paja likiokwa. Hapo ndipo harufu ilikotoka. Na tukumbuke, hayo yalitokea pedi ikipata asilimia 60 tu ya nguvu yake. Kama yule fundi angefunga waya vizuri na kuacha pedi ilivyo, kava lingetoboka. Ubovu mmoja ulikuwa unauficha mwingine.

Ya kushoto ilikatika kwenye mfereji. Kava la siti huvutwa chini kwa vijiti vya chuma vinavyoingia kwenye mifereji ya godoro, ndiyo maana siti ina mistari iliyozama. Pedi ilipitishwa juu ya mfereji na kijiti kikabanwa juu yake. Nyuzi za hita zikawa zinakunjwa kila mtu anapokaa. Kilichomalizia ni goti: upande huo hukaa mtoto, na watoto hupiga magoti kwenye siti ya nyuma wakitazama nje kupitia kioo. Uzito wote wa mtu ukiwa juu ya goti moja, juu ya mfereji, ni kama kukunja waya mkononi mpaka ukatike. Mtu mzima anayepanda siti kwa goti ili afikie rafu ya nyuma hufanya vilevile.

Mama

Nilimwomba mwenye gari aje na mama yake siku ya kupanga kazi, kwa kuwa siti ni yake. Nikamuuliza kama lile joto la pembeni lilimuumiza. "Hapana baba, mimi sikulisikia sana, nilisikia harufu tu." Mwanawe akaongeza, kama jambo la kupita, kwamba mama ana kisukari cha muda mrefu na miguu imepungua hisia.

Kauli hiyo ilibadilisha kazi. Mpaka hapo nilikuwa nafikiria pedi zilezile, zifungwe vizuri. Lakini mtu ambaye ngozi yake haimpi taarifa hawezi kutumiwa kama kipimajoto. Na hatari ya siti si ya joto kali la ghafla, ni ya joto la wastani la muda mrefu. Moritz na Henriques walichapisha mwaka 1947 majaribio ambayo bado yanatumika kama msingi: kwa nyuzi 44 za Selsiasi ngozi huungua baada ya saa 6 hivi, na kila nyuzi inayoongezeka juu ya hapo, mpaka kama 51, hupunguza muda huo karibu kwa nusu. Nyuzi 44 mkononi utaziita vuguvugu la kupendeza. Mwaka 2011 watetezi wa usalama na madaktari wa majeraha ya moto nchini Marekani waliiandikia mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, wakitaka ishughulikie joto la siti, kwa sababu waliofika hospitalini walikuwa wengi wao watu waliopooza au waliopoteza hisia kwa kisukari. Hawakuwa wazembe. Hawakusikia tu.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye gari halikuwa tena anataka pedi gani. Nilimwambia kikalio cha mama yake kitakuwa na ukomo wa chini kuliko siti nyingine, ukomo ambao swichi haiwezi kuuvuka, na kwamba joto la kweli litakuwa mgongoni, ambako hisia zake ni nzima na ndiko anakolihitaji. Alitaka kujua kama mama hataona tofauti. Ngozi ya paja iliyofunikwa nguo iko kama nyuzi 33 au 34. Siti yenye 36 tayari ni ya joto kwake. Haihitaji 42 ili aache kusikia baridi. Mama alikubali haraka kuliko mwanawe. Nilimshauri pia amweleze daktari wake kwamba gari lina siti za joto.

Kufunga upya

Tulijadili njia ya kiwandani: kutafuta gari bovu lenye namba 872 na kuchukua vikalio, viegemeo na nyaya zake. Kwa anayetaka gari libaki la asili ni njia nzuri, na swichi zitafanana na za mbele. Nilimkatisha tamaa kwa sababu moja. Pedi hizo ni za waya, zina umri uleule wa gari, na zimeshakaliwa miaka yote hiyo. Zikipima vizuri leo juu ya meza, bado haijulikani zitahimili kuvuliwa na kuvalishwa kava.

Tukachukua pedi mpya za nyuzi za kaboni, zenye kihisi joto kwenye kila kipande, na kidhibiti kinachokubali kuwekewa ukomo tofauti kwa kila kihisi. Kaboni ina faida ya kuvumilia mikunjo midogo kuliko waya, na uzi mmoja ukikatika mingine inaendelea. Aina nyingine za kaboni zinaweza kukatwa kufupishwa, lakini ni mahali palipochorwa na mtengenezaji tu, maana inategemea umeme unapita upande gani wa pedi. Pedi ya waya haikatwi kamwe.

Juu ya nywele nilitandika tabaka jembamba la feliti, kitambaa kizito kisichofumwa, na kulishona kwa uzi kwenye godoro, siyo kulibandika. Pedi ikakaa juu ya feliti, gundi ikashika, na juu yake sponji ya milimita 5 ili nyuzi zisionekane kwenye kava. Kila pedi iliwekwa kati ya mfereji na mfereji. Mahali ambapo ililazimu kuvuka, niliipitisha chini ya kijiti na kuilegeza, isivutwe. Kazi hii ya kava ilichukua siku nzima, na ndiyo ambayo watu huiruka. Pete za chuma zinazoshika kava kwenye vijiti nilizibadilisha zote. Za zamani ukizikunjua mara moja zinakatika mara ya pili.

Kabla ya kufunga kava, kila pedi ilipimwa omu, kisha ikawashwa dakika 10 ikiwa imetandazwa. Usiwashe pedi ikiwa imekunjwa au imefunikwa blanketi eti unajaribu. Kihisi kiko sehemu moja, na sehemu iliyofunikwa hakiijui.

Umeme sasa una njia yake. Kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye chanya, halafu waya wa milimita 2.5 za mraba kupitia mpira wa tundu uliokuwepo tayari kwenye ukuta wa injini, chini ya kizingiti cha mlango wa kushoto, mpaka kwenye rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, chini ya siti. Urefu ni kama mita 5. Shaba ya unene huo ina omu 0.007 kwa mita, hivyo ampea 9 hupoteza 0.3 ya volti. Ningetumia milimita 1, kama nyaya zilizokuja na pedi, hasara ingekaribia volti 0.8. Rilei ni ya kawaida: 30 inapokea kutoka fyuzi, 87 inakwenda kwa kidhibiti, 86 inapata umeme kutoka waya unaowaka na ufunguo, 85 kwenye bodi. Ukizima gari, siti zinazima. Bila hivyo, ampea 9 zingemaliza betri nyingi za gari dogo kabla ya alfajiri.

Rilei niliifunga upande wa kushoto. Kulia, chini ya siti hiyo, kuna pampu ya upepo inayofunga milango, imezungushiwa sponji, na sikutaka nyaya zangu zimzuie atakayeihudumia kesho. Ethi niliipa bolti yake, bati limekwanguliwa mpaka likang'aa, na grisi juu. Bolti za mikanda ya usalama hazitumiki kwa ethi, hata kama ndizo zilizo karibu na ndizo zilizokaza vizuri.

Swichi ya mama iko mlangoni kwake, ya kushoto iko mbele kwa dereva, kwa sababu ya mtoto. Kila moja hushuka yenyewe kwenda kiwango cha chini baada ya dakika 15.

Nililofanya kwenye gari hili lisichukuliwe kama kibali kwa gari lolote. W124 hii haina mifuko ya hewa kwenye siti za nyuma wala mkeka wa kutambua kama mtu amekaa. Gari lenye vitu hivyo ni habari nyingine: pedi juu ya mkeka wa kihisi inaweza kuudanganya, na kava lenye mshono wa kupasukia mfuko wa hewa haliguswi na mtu asiyejua mshono huo uko wapi.

Baada ya hapo

Vipimo vya mwisho, kila kitu kikiwa kimewashwa: betri 13.8, pedi 13.4. Niliweka ncha ya kipimajoto kati ya kava na paja langu, nikakaa dakika 40 nikisoma. Kiegemeo kilitulia kwenye 40, kikalio cha kushoto 38, cha mama 36.

Kilichobaki ni alternata, mashine ya injini inayozalisha umeme na kuchaji betri. Jumla ya taa, feni ya hewa ya moto, hita ya kioo, siti za mbele na za nyuma inazidi ampea 60, na alternata ya enzi hizo, injini ikiwa taratibu kwenye foleni, haitoi nusu ya uwezo wake. Nilipojaribu hivyo betri ilishuka hadi 12.3. Nilitamani kuongeza rilei ya pili ambayo mguu wake wa 87a, unaokatika rilei ikiwashwa, ungezizuia siti za nyuma muda wote hita ya kioo ikiwa imewaka. Niliacha. Kila rilei inayoongezwa kwenye gari la zamani ni kitu kingine cha kuharibika, na hita ya kioo ya gari hili hujizima yenyewe kwa muda. Nilimwonyesha tu mwenye gari mshale wa mita ukishuka, akaelewa kuliko ningemweleza.

Alirudi baridi ilipokwisha, akiwa na ombi moja: pedi ya tatu katikati, mtoto wa pili ameanza kulalamika. Ethi bado ilisoma 0.05, fyuzi ilikuwa ileile, klipu zile za kung'ata hazipo tena popote ndani ya gari. Pedi ya tatu nilimkatalia. Ingefikisha ampea 13.5 kwenye fyuzi ya 15, na katikati ya siti ile ndipo kila anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine anapoweka goti.